Kabla ya kununua dagaa wa Kigoma, uliza habari za mwezi

Hapa Nairobi ukitaja dagaa, wengi wanaelewa omena. Lakini omena wa Ziwa Victoria ni jamaa ya ningu na fwani, ilhali dagaa wa Kigoma ni ukoo mmoja na sardini wa baharini, ingawa maisha yake yote ni ya maji baridi. Asili yake ni Ziwa Tanganyika, naye ni wa aina 2: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huyo wa pili ndiye aliyepandikizwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko wanamwita kapenta.

Mimi huwaagiza kwa muuzaji anayeleta mzigo kutoka Tanzania, na swali langu la kwanza si bei. Namuuliza walivuliwa mwezi ukiwa wapi. Mchana dagaa hushuka kwenye kina kuwakwepa migebuka, samaki wakubwa wanaowawinda, na usiku hupanda juu kufuata vijidudu vidogo vya majini, ambavyo ndivyo chakula chao. Wavuvi huwavuta kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa hazifui dafu, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Kwa hiyo mzigo mpya hutoka wakati wa giza. Ukiletewa "wa jana" mwezi ukiwa mpevu, wachunguze vizuri.

Chukua wachache kiganjani. Aliyekauka upesi juani hung'aa kama bati jipya na mgongo wake hukatika kwa sauti. Akiwa na rangi ya kutu na harufu ya mafuta yaliyochacha, alinyeshewa au alilala rundoni akiwa mbichi, mrudishe. Kisha mtafune mmoja kichwani. Mchanga ukilia menoni, alianikwa chini ufukweni. Wa chanjani huwa ghali kidogo, nami nalipa bila kunung'unika, kwa sababu mchanga ulioingia kwenye matamvua hauoshwi ukaisha.

Jambo linaloniuma ni vile vidagaa vidogo mno, vyembamba kama uzi. Limnothrissa wachanga hukulia karibu na ufuko, na kokoro, yaani nyavu zinazokokotwa hadi ufukoni, huwazoa kabla hawajazaa. Stolothrissa naye maisha yake ni kama mwaka mmoja tu, hivyo akivuliwa mapema hana nafasi nyingine. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Bei ikipanda msimu kama huo, nunua gorogoro nusu badala ya nzima, lakini vile vidogo viache.

Nyumbani usiwachemshe. Nyama yao ni nyingi kuliko ya omena na huvurugika. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu, wachuje, wakaange kwa mafuta kidogo mpaka waanze kulia kwenye sufuria, ndipo uweke kitunguu na nyanya. Ndimu mwisho, moto ukiwa umezimwa.