Mshahara wenu umeandikwa kwenye karatasi gani?

Yambo sana ba ndugu wa gazeti. Yaya yangu anapanga mizigo katika depo moja ya Kansas City, Missouri. Anasema mwaka huu wa 2026 mshahara wa chini ni dola 15 kwa saa. Redio inasema Marekani ni dola 7.25. Nani mwongo? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

Hakuna mwongo. Kwetu SMIG, yaani mshahara wa chini, inatoka Kinshasa kwa amri moja, na Lubumbashi na Bukavu zinasoma karatasi ileile. Kule karatasi ni mbili, pengine tatu: ya shirikisho, ya jimbo, na mara nyingine ya mji. Zikitofautiana, patroni analazimika kufuata iliyo juu zaidi.

Ile ya shirikisho ndiyo 7.25, na haijasogea tangu Julai 2009. Kwa saa 40 ni dola 290 kwa wiki kabla ya kodi. Kwa wiki 52, dola 15,080. Kupita saa 40, kila saa inalipwa mara moja na nusu. Watumishi wa mikahawa wana hesabu yao: patroni anaweza kuwalipa dola 2.13 tu, kiwango cha tangu 1991, mradi matabishi (bakshishi za wateja) yafikishe jumla 7.25. Yasipofika, anatakiwa ajazie mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapunjwa, kwa sababu hesabu ya matabishi haiwi wazi.

Missouri imepanda hadi 15. Lakini mwambie yaya aangalie anapohamia: kuna Kansas City nyingine upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Kansas, na kule bado ni 7.25. Sehemu fulani mpaka wenyewe ni barabara tu.

Hao watu wa Missouri si ndio walimpigia Trump 2024? Sasa dola 15, ambayo ni sera ya akina seneta Bernie Sanders, ilipitaje? (Mwalimu, Bukavu)

Ilipita siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo ya kura. Trump alipata karibu asilimia 58 Missouri, na pendekezo la mshahara likapata karibu asilimia 58 pia. Florida ilitangulia 2020: Trump alishinda kwa asilimia 51 hivi, na dola 15 ikapata karibu 61. Maana yake wafanyakazi wengi hawaikatai sera yenyewe. Hawakiamini chama kinachoibeba. Wanasiasa wa mrengo wa kushoto wa chama cha Demokrati bado hawajalimeza vizuri jambo hili, na sisi tunaona ndilo somo kubwa kwao kuliko hotuba zote.

Bungeni mambo ni mengine. Machi 2021 Sanders alileta dola 15 Seneti: kura 42 za ndiyo, 58 za hapana, na kati ya waliokataa, wanane walikuwa wa upande wa Demokrati. Zilihitajika 60.

Ila kushinda kwa kura ya wananchi nako kuna mtego. Florida waliandika mshahara wao ndani ya katiba ya jimbo, ndiyo maana walihitaji asilimia 60. Nusu na kidogo isingetosha. Ni kazi ngumu, lakini wabunge hawawezi kuufuta wenyewe. Missouri waliandika sheria ya kawaida, iliyobeba pia siku za ugonjwa zenye malipo. Mwaka 2025 bunge la jimbo likafuta siku hizo za ugonjwa, pamoja na kifungu cha kupandisha mshahara kufuata bei za soko baada ya 2026. Dola 15 ikabaki. Wapiga kura walikuwa walewale. Karatasi ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Kwetu kazini tunachagua delege wa sendika. Kule wanafanyaje? (Fundi wa mitambo, Ruashi)

Wanaanza kimyakimya, kwa kamati ndogo yenye mtu katika kila zamu na kila kitengo. Kisha wanasainisha kadi za kutaka sendika, yaani chama cha wafanyakazi. Chini ya sheria ya 1935, kanuni inataka asilimia 30 ya wafanyakazi wa kitengo ili bodi ya kazi ya shirikisho iitishe uchaguzi, lakini mwenye uzoefu haendi na 30. Anangoja 60 au 70, maana patroni akianza kuwaita watu kwenye mikutano, zinayeyuka. Wasimamizi hawahesabiwi. Siku ya kura, nusu na mmoja ya waliopiga inatosha.

Kura ikishinda, hakuna aliyepata hata senti. Sheria inamlazimisha patroni kujadiliana kwa nia njema, haimlazimishi kukubali. Depo ya Amazon ya Staten Island ilishinda Aprili 2022, kura 2,654 dhidi ya 2,131, na miaka mitatu baadaye bado haikuwa na mkataba. Aliyefukuzwa kwa sababu ya sendika hulipwa mshahara aliokosa, ukitoa alichopata kwingine; faini hakuna. Kwa kampani kubwa hiyo ni gharama ndogo ya kutia hofu. Mswada wa kuweka faini ulipita bunge la chini 2020 na 2021, ukakwama Seneti.

Mfano wa waliofanikiwa ni wa magari: mwaka 2023 sendika ya UAW iligoma dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis kwa wiki sita hivi, kiwanda kimoja baada ya kingine, ikilipa wagomaji dola 500 kwa wiki. Walipata nyongeza ya asilimia 25 hadi 2028. Bila mfuko ule wa mgomo ingekuwa vigumu kudumu hivyo.

Matibabu je? Hapa patroni anatibu mfanyakazi na familia yake. (Mama wa Kamalondo)

Ndivyo sheria yetu ya kazi inavyosema, mama, hata kama zahanati ya kampani ina panadoli tu. Kule kampani yenye wafanyakazi 50 wa muda kamili au zaidi hutakiwa kutoa bima, la sivyo inatozwa. Muda kamili ni saa 30 kwa wiki, kwa hiyo wapo wanaopewa 28 au 29. Ukiachishwa kazi unaweza kubaki na bima hiyo, kwa kawaida miezi 18, ila unalipa yote mwenyewe, hadi asilimia 102 ya bei yake. Kwa aliyepoteza mshahara, hiyo ni haki ya kwenye karatasi. Ndiyo sababu Sanders anataka bima ya serikali ya wazee wa miaka 65, iliyopo tangu 1965, ifunguliwe kwa kila mtu. Yaya wa Missouri aulize kwanza saa zake kwa wiki, ndipo aulize mshahara.