Kiwiko kigumu baada ya plasta: usikubali kikandwe

Dada wa Kadutu, hapo Bukavu, pole sana. Unasema mwanao wa miaka 6 alivunjika juu ya kiwiko, akapasuliwa na kuwekewa vyuma. Sasa vyuma na plasta vimetolewa, mkono haunyooki, na bibi yake anataka apelekwe kwa fundi wa mifupa akandwe.

Nakusihi, usimpeleke. Kiwiko cha mtoto kikivutwa kwa nguvu huvimba upya, na wakati mwingine mfupa huota ndani ya misuli. Hapo ugumu unaweza kubaki kabisa. Mkono uliokaa wiki kadhaa ndani ya plasta lazima ukakamae. Kwa watoto wengi hulegea polepole, wiki hadi miezi, kwa kutumika tu. Mwache ale kwa mkono huo, avae shati mwenyewe, na vidonda vikishafunga, achezee maji ya vuguvugu kwenye beseni. Mpira na kupanda miti bado, mpaka daktari aruhusu. Bibi naye mwombe kwa heshima ampikie sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Huo ni msaada wa kweli.

Ila vidole vikiwa baridi, vikipauka au kufa ganzi, maumivu yakizidi, homa ikipanda, au usaha ukitoka palipokuwa na vyuma, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Na ile miadi unayofikiria kuiacha kwa kukosa pesa ya usafiri, kopa uende. Ndipo wanapoangalia kama mfupa umeunga sawasawa.