Kukaa na wafugaji wa Wanenets, Yamal: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam anaweza kustahimili kukaa na Wanenets, wafugaji wa kulungu wa Aktiki kule kaskazini mwa Urusi, wakati theluji bado imetanda. Nilikwenda rasi ya Yamal mwishoni mwa Machi nilipokuwa nikisoma Moscow, na kwa maoni yangu baridi si kikwazo kikubwa; la kukushughulisha ni namna utakavyoishi katika nyumba ya watu wenye kazi zao.

Katikati ya majira ya baridi halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini kufikia Machi kuna nafuu na jua huwaka muda mrefu. Usimalize fedha kwa kununua makoti. Mwenyeji wangu alilitazama langu, akacheka, akanivika malitsa, vazi la ngozi ambalo manyoya yake hugusa mwili, likiwa na kofia na glavu zilizoshonewa humo humo. Nilipokaa juu ya sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji, baridi niliisikia puani tu.

Treni ya kutoka Moscow hadi Labytnangi huchukua takriban siku mbili, kisha unavuka mto Ob kuingia mji wa Salekhard. Kwa maeneo ya ukanda wa mpaka mgeni huhitaji kibali, nacho kiombwe mapema.

Hema lao, chum, husimamishwa na wanawake kwa miti mirefu na ngozi za tabaka mbili, na mama mwenye nyumba ndiye wa kumuuliza kila kitu. Upande ulio mkabala na mlango, nyuma ya jiko, ni mtakatifu, kwa hiyo usijipitie tu. Na kama mgeni ni mwanamke, asiruke kamba za kunasia wanyama. Hawatakutuma kazi, basi omba mwenyewe kubeba kuni au kuchota theluji ya kuyeyusha. Ukienda haja ndogo nje, usishtuke kulungu wakikufuata, kwani wanatamani chumvi iliyomo katika mkojo.

Ndugu zangu Waislamu wajue kwamba kulungu kwa desturi hunyongwa kwa kamba ili damu isipotee, kisha nyama na ini huliwa mbichi, zikichovywa katika damu ingali na moto. Mimi niliponea samaki wabichi walioganda, waliokatwa vipande vyembamba, pamoja na mkate na chai, wala hakuna aliyekasirika.

Usipange ndege ya kurudi siku ile ile ya kutoka kambini. Kuhama hufuata malisho, na mvua ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, mnyama hawezi kuchimba chakula. Katika majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 kulungu wapatao 61,000 walikufa Yamal kwa sababu hiyo. Ongeza mabomba na reli ya Bovanenkovo, eneo la kuchimba gesi huko Yamal, yanayokatiza njia zao, utaelewa kwa nini familia haiwezi kukusubiri.

Kuhusu gharama, sehemu kubwa huishia kwenye usafiri na kwa wakala. Kabla hujalipa, mtake akueleze kwa maandishi familia itapata kiasi gani na nani atagharamia petroli ya pikipiki ya theluji. Akizungukazunguka, tafuta mwingine.