Mteja akikuletea picha ya meza, anza na chaki sakafuni kwake

Mdogo wangu wa Kigoma, umesema mteja amekuonyesha kwenye simu picha ya meza ya chakula ya watu 8. Anataka mninga, ubao wa juu uwe na unene wa inchi 3, na iwe tayari ndani ya wiki 2. Unauliza ukubali au ukatae. Mimi ni seremala hapa Tabora, karakana yangu iko Isevya, na kazi za "nitengenezee kama hii" ndizo zinazolisha nyumba yangu. Nitakujibu kwa meza mbili nilizotengeneza kwa mikono yangu: moja iliniumiza, nyingine naipenda mpaka leo.

Ya kwanza ilikuwa Januari, mvua zimekolea. Mteja alikuwa na mchoro wake safi wenye vipimo vyote, upana futi 3. Nikaenda kununua mninga, muuzaji akaniapia kwamba umekauka. Nilipoweka kiganja juu ya mbao nikahisi ubaridi, na nilipoinua ubao mmoja nikaona uzito umezidi. Nilijua ni mbichi. Lakini mteja alikuwa ananipigia simu kila jioni, nikanyamaza nikaendelea. Nikaunga mbao za juu kwa gundi, nikapitisha mbao mbili za kukingama kwa chini, nikazishika kwa gundi na skrubu kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaamini nimeimarisha. Ilipotoka pale ilikuwa inang'aa kiasi cha watu kusimama barabarani kuitazama.

Agosti akanipigia. Nilikuta ufa umeanzia mwisho wa meza umefika katikati, sarafu inaingia. Mbao ikikauka, urefu wake haupungui kiasi cha kuonekana, ila upana wake unapungua. Ubao wa juu ulitaka kusinyaa kwa upana, zile mbao za kukingama, ambazo urefu wake ulikatiza upana huo, zikakataa kusinyaa nao. Gundi na skrubu nilizoweka kwa nia njema ndizo zilizoupasua. Nikatengeneza juu mpya kwa gharama yangu, na mteja yule hakunirudia tena. Sikumlaumu.

Watu wanasema mninga hauna shida. Ni kweli, ukikauka vizuri ni mbao tulivu kuliko nyingi, ndiyo maana unapendwa kwa milango na meza. Lakini mninga mbichi ni mbao mbichi kama nyingine. Kanuni ya zamani ya kukausha kwa hewa ni inchi moja ya unene, mwaka mmoja. Siku hizi nanunua kiangazi na kuweka akiba: mbao zinalala kivulini, juu ya matofali ili mchwa wasizifikie, kati ya tabaka na tabaka naweka vijiti vya unene mmoja kila baada ya futi 2, na ncha nazipaka rangi kwa sababu maji hutoka upesi kupitia ncha na kuzipasua. Kama huna kipimo cha unyevu, kata kipande kirefu kidogo kutoka katikati ya ubao, kipake rangi ncha zake zote mbili ili kisikauke upesi kuliko mbao zenyewe, kipime kwenye mzani wa jikoni, uandike uzito juu yake, ukiache mahali zilipo mbao. Kipime kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka, mbao imefika. Kwa hiyo jibu la wiki 2 liko kwenye mbao ulizonazo. Kama unazo kavu, inawezekana. Kama unakwenda kununua leo, mwambie ukweli leo.

Na unaponunua, nunua mbao zenye alama ya nyundo, ile inayogongwa na maofisa misitu, na udai risiti na hati ya kusafirishia. TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wakizikamata njiani hazina karatasi, zinapotea zikiwa na pesa ya mteja.

Sasa meza ya pili. Mama mmoja wa Cheyo, mwalimu mstaafu, alinijia na mchoro wa penseli kwenye daftari. Meza ya futi 7, pembe zote za mviringo kwa ajili ya wajukuu, miguu minne kwenye kona, na mbao za ubavuni zinazounganisha miguu, zile sisi tunaita reli. Nikamwomba nifike kwake kabla ya kuzungumza bei. Nilibeba tepu na chaki. Nikachora meza yake sakafuni kwa vipimo kamili, tukapanga viti kuizunguka, nikamwambia, "Mwalimu, kaa, halafu inuka kama mtu anayekwenda jikoni." Kiti kikagonga kabati. Tukapunguza urefu kwa nusu futi palepale kwa kufuta chaki.

Wakati tunafuta, mama yake mzazi akaletwa sebuleni kwa kiti cha magurudumu. Nikauliza, bibi anakula wapi? Akasema hula sinia mapajani, kwa sababu meza ya zamani haimruhusu kusogea. Hilo halikuwamo kwenye daftari, na kwangu ndilo lililokuwa kiini cha kazi yote. Nikapima kiti cha bibi: kutoka sakafuni hadi juu ya mahali pa kuegemeza mikono, inchi 28 na nusu. Meza ya kawaida ina kimo cha inchi 30. Kwa ubao wa inchi moja na robo, chini inabaki inchi 28 na robo tatu. Kiti kinapita kwa robo inchi tu, lakini reli ya inchi 4 ingekizuia kabisa. Basi upande wa bibi nikaingiza miguu na reli ndani kwa inchi 18, ubao wa juu ukabaki umetokeza wenyewe. Nikamchorea Mwalimu upya kwenye daftari lake, na kila badiliko akaliwekea saini.

Safari hiyo ubao wa juu sikuugandisha kwa gundi. Kwa ndani ya reli nilichimba mifereji kwa patasi, nikatengeneza vibao vidogo vyenye ulimi. Ulimi unaingia kwenye mfereji, kibao kinafungwa kwa skrubu kwenye ubao wa juu. Meza ikisinyaa au kutanuka, ulimi unateleza. Nilipaka ndimi zile nta ya nyuki, ambayo kwetu Tabora haikosekani. Usiitumie peke yake kumalizia juu, sufuria ya moto itaacha alama nyeupe. Juu nilipaka vanishi, na chini pia idadi ileile ya mikono, yaani tabaka za vanishi, maana upande mmoja ukivuta unyevu kuliko mwingine ubao unapinda. Miguu niliifunga kwa bolti ili itolewe, kwa kuwa mlango wake ulikuwa na upana wa inchi 32.

Turudi kwenye inchi 3 za mteja wako. Meza ya futi 6 kwa 3 yenye unene wa inchi moja na nusu, kwa mninga mkavu, juu peke yake ni karibu kilo 40. Ukienda inchi 3 unakaribia 80. Mwonekano ule unaweza kuupata kwa kuongeza unene ukingoni tu: gandisha vipande vya mbao ileile chini ya kingo. Angalia nyuzi za mbao zielekee upande mmoja na nyuzi za ubao wa juu. Kwenye ncha mbili usipachike ubao wa kukingama. Panga vipande vifupi vilivyokatwa kutoka mbao zilezile, la sivyo utarudia ufa wangu.

Hesabu ya mbao isikudanganye pia. Upana wa futi 3 ni inchi 36, wengi wanaagiza mbao 6 za inchi 6. Ukiranda na kunyoosha kingo, kila ubao unabaki kama inchi 5 na robo, kwa hiyo unahitaji 7. Ongeza theluthi kwa sababu weupe wa pembeni lazima uukate wote. Wadudu huingia hapo na kuacha kiini. Malipo ya awali yatoshe mbao zote, skrubu na vanishi. Na unaporanda funga pua na mdomo, vumbi la mninga linabana kifua, kuna mafundi wenzangu waliolazimika kuuacha.

Kesho nenda kwa mteja na chaki. Muulize nani atakaa wapi, pima viti vyake, kisha pima na mlango. Ukishapata vipimo viweke hapa, nitahesabu mbao pamoja nawe.