Jeni ya GGCX, vitamini K na mgonjwa anayetumia wafarini

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 52, anaishi Kibosho. Alifanyiwa upasuaji wa moyo akawekewa valvu ya chuma, na tangu hapo anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Hakosi dozi, lakini INR yake, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, inapanda na kushuka. Kabla ya upasuaji hakuwahi kuwa na tatizo la kutokwa na damu. Kaka yangu aliye ng'ambo alimpima vinasaba, na ripoti inasema ana mabadiliko kwenye jeni iitwayo GGCX, inayohusika na kurekebisha protini. Jeni hiyo inafanya nini, na je, ndiyo inayomsumbua? Msomaji, Moshi.

Jibu: Marahaba, na pole kwa kumuuguza mama. Nianze na sehemu ya pili ya swali, kwa kuwa ndiyo inayokutia wasiwasi: kwa jinsi ulivyoeleza, sioni kwamba GGCX ndiyo chanzo cha INR yake kuyumba. Sababu ya kusema hivyo imo katika kazi yenyewe ya jeni hiyo.

Jeni ya GGCX iko kwenye kromosomu ya 2, na hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya chenye asidi amino 758, kinachokaa kwenye utando ulio ndani ya seli, mahali ambapo protini zinazotarajiwa kutoka nje ya seli hupitia. Kimeng'enya hiki hakiundi protini za kugandisha damu. Hizo zina jeni zake, na seli za ini huziunda kama zinavyounda protini nyingine yoyote. Zamu yake huja baadaye: huzipokea zikiwa zimekwisha kuundwa, kisha hubadilisha asidi amino chache tu zilizo karibu na mwanzo wa mnyororo. Asidi amino hizo ni glutameti. Kila moja ina kundi moja la kaboksili pembeni, nayo huongezewa kundi la pili linalotokana na kabonidayoksaidi, na baada ya hapo wataalamu huiita gla. Katika prothrombini, moja ya protini kuu za kugandisha damu, glutameti zinazobadilishwa hivyo ni 10.

Kundi moja peke yake haliishiki kalsiamu vizuri, lakini makundi mawili yakikaa ubavu kwa ubavu huibana kama koleo linavyobana kaa la moto. Prothrombini iliyoshika kalsiamu hujikunja katika umbo linalotakiwa na kunata juu ya utando wa chembe sahani, chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha, palipo na jeraha, na hapo ndipo kazi ya kugandisha damu hufanyika. Isiyo na gla imo ndani ya damu vilevile, inaweza hata kupimwa maabara, ila haina pa kunata. Kabla gla haijatambuliwa mwaka 1974, watafiti walikuwa wameona jambo hili katika damu ya ng'ombe waliopewa dawa ya kuzuia damu kuganda: prothrombini ilikuwamo, lakini haikufanya kazi. Protini nyingine za kugandisha damu, yaani faktori ya VII, ya IX na ya X, hutegemea marekebisho hayohayo, pamoja na protini C na S zinazozuia damu isigande kupita kiasi.

Sasa tufike kwenye wafarini. GGCX haifanyi kazi bila vitamini K, na kila inapoongeza kundi moja la kaboksili, molekuli moja ya vitamini K hugeuka kuwa epoksidi, hali ambayo haiwezi kutumika tena mpaka irudishwe ilivyokuwa. Anayeirudisha ni kimeng'enya kingine, VKORC1, ambacho jeni yake ilitambuliwa mwaka 2004. Wafarini humzuia huyu wa pili, haimgusi GGCX. GGCX ya mama yako inaweza kuwa nzima kabisa, lakini inakaa ikisubiri vitamini K isiyofika ya kutosha, na ini linaendelea kutoa prothrombini ambazo hazijakamilishwa. Zile zilizokamilishwa kabla ya dozi huendelea kuzunguka kwa siku kadhaa, na ndiyo maana kidonge cha leo hakisomeki kwenye INR ya leo.

Kwa njia hiyohiyo utaelewa sindano ya vitamini K ya miligramu 1 ambayo mtoto mchanga huchomwa pajani mara baada ya kuzaliwa. Kimeng'enya anacho, vitamini ndiyo haba, kwa kuwa maziwa ya mama yana kiasi kidogo sana.

Upo ugonjwa wa GGCX yenyewe, nao ni nadra mno. Hutokea mtu anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na mama pia, na kwa kawaida hujionyesha mapema kwa kutokwa na damu. Mtu mzima aliyejifungua, akapimwa damu kabla ya upasuaji na hakuonekana na hitilafu ya kuganda, hafanani na mgonjwa wa namna hiyo. Mabadiliko ya kawaida ya GGCX yanayotajwa katika ripoti kama ya mama yako huwa na athari ndogo kwenye kiasi cha wafarini anachohitaji mtu. VKORC1 na CYP2C9, jeni ya kimeng'enya kinachoivunja wafarini ndani ya ini, zina uzito zaidi. Tazama kama ripoti ilipima CYP2C9 aina ya 8, ambayo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na ambayo vipimo vingi vilivyotengenezwa kwa kuangalia Wazungu viliiacha. Nadhani hilo ndilo swali la maana zaidi la kuiuliza karatasi hiyo.

Hata hivyo jeni haibadiliki kati ya wiki hii na ijayo, na INR ya mama inabadilika. Kwa hiyo chanzo nakitafuta katika vitu vinavyobadilika. Cha kwanza ni mboga: mnafu, mchicha, sukuma wiki na majani ya maboga yana vitamini K nyingi, na mtu anayekula mnafu kila siku wakati wa mvua, kisha akakaa wiki mbili bila mboga za majani, atapandisha INR bila kugusa dozi. Asiziache, ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Cha pili ni dawa za duka la dawa. Metronidazoli na kotrimoksazoli huipandisha INR, rifampisini huishusha sana, na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa na damu hata INR isipobadilika. Pombe nayo, mbege ikiwemo, isiwe ya kunywa nyingi kwa siku moja.

Dozi msiibadilishe wenyewe, kwa sababu valvu ya chuma huweza kuziba kwa damu iliyoganda. Katika daftari lake la kliniki, pembeni ya kila INR, andikeni dawa yoyote aliyomeza ndani ya wiki mbili zilizotangulia na kama mboga zilipungua au kuongezeka, kisha mpelekeeni daktari wake daftari hilo pamoja na ripoti ya vinasaba. Akitokwa na damu isiyokoma, akipata choo cheusi au kuumwa kichwa ghafla kwa nguvu, mwahisheni hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.