Jibu: Barua ya shukrani kwa aliyekufundisha kazi

Mdogo wangu, umeuliza umwandikie nini yule mzee aliyekushika mkono ulipokuwa fildi (mafunzo kwa vitendo) bandarini Tanga, na kama ujumbe wa WhatsApp unatosha. Unatosha, ila barua ina uzito wake. Ukiweza, andika kwa mkono, ukurasa mmoja tu, umpelekee mwenyewe.

Anza na shikamoo, umjulie hali yeye na watu wa nyumbani kwake. Kisha usiishie kwenye "asante kwa kila kitu", maana hayo anaweza kuandikiwa mtu yeyote. Taja jambo lenyewe. Umesema alikusimamisha gatini akakueleza enzi za meli kutia nanga mbali, shehena ikiletwa kwa matishari (mashua bapa za kubebea mizigo), kabla bandari haijaongezwa kina hadi mita 13, na kwamba alikuwa akiacha chai yake ipoe ili akuelekeze. Basi mwandikie hivi: "Siku ile uliyonisomesha hati ya shehena mstari kwa mstari, chai yako ikapoa mezani, ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii." Halafu mweleze uko wapi sasa na unayatumiaje aliyokufundisha. Hapo ndipo mzee atafurahi kwelikweli, akijua jasho lake halikupotea bure.

Nakusihi sana, usichomeke ombi la kazi humo humo. Ombi lina siku yake. Jina na cheo chake viandike sawasawa, na wenzake wa ofisini waliokusaidia wapelekee salamu. Andika wiki hii, usingoje Idi.