Plasta ya saruji na ukuta wa kati kwenye nyumba kongwe ya shamba, Unguja

Ndugu, umeuliza kwa nini plasta ya saruji uliyopiga mwaka jana inabanduka, na kama unaweza kuvunja ukuta wa kati upate sebule kubwa.

Kuta hizo ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Saruji imeziba njia, kwa hiyo maji yanapanda juu zaidi na chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ibandue yote, viraka havisaidii. Acha ukuta ukauke miezi kadhaa, ulowanishe, kisha piga chokaa iliyorowekwa: ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga (usichote pwani, una chumvi), kila tabaka lisizidi milimita 10. Funika kwa magunia yenye maji wiki nzima; jua likiikausha upesi itapukutika kama unga.

Ukuta wa kati usiubomoe. Boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, na huenda ncha zake zinalala juu ya ukuta huohuo. Toboa mlango wa sentimita 90 tu, baada ya kuegemeza boriti kwa nguzo za miti na kuweka linta (mhimili wa kubeba ukuta juu ya mlango). Zidunge ncha hizo kwa bisibisi: ikizama, zimeoza.